"Mtandao Uko Chini": Je, Seva ya Pili Iko Wapi?

Juma lililopita nilikuwa kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu, Manzese, nikingoja zamu yangu. Mbele yangu alisimama mama wa makamo aliyekuwa akimtumia mwanawe shilingi 80,000. Mwana huyo alikuwa amelazwa hospitali huko mikoani, na fedha zilikuwa za vipimo. Mama alibonyeza tarakimu moja moja, akaingiza namba yake ya siri, akangoja. Simu ikakaa kimya. Halafu ikaandika kwamba ombi lake halikuweza kukamilika kwa sasa, ajaribu tena baadaye.

"Mwanangu, nirudie?" akamwuliza kijana wa kibandani.

"Subiri kwanza, mama. Mtandao uko chini. Ukirudia huenda zikaenda mara mbili."

"Na nisiporudia?"

Kijana hakuwa na jibu.

Maneno hayo, "mtandao uko chini", tumeyazoea mno siku hizi. Tunayasikia benki, tunayasikia kwenye dirisha la malipo la hospitali, tunayasikia kituo cha mabasi tunapokata tiketi. Tunayapokea kama tunavyopokea mvua ya masika: imenyesha, tufanyeje? Lakini mvua haina mwenyewe, na mtandao unao wenyewe. Mara nyingi maana ya maneno hayo ni kwamba mahali fulani kuna mashine iliyokufa au kuzidiwa, na mashine nyingine iliyopaswa kushika nafasi yake haikushika. Leo nataka tuitazame hiyo mashine ya pili. Kwa nini wakati mwingine haipo, na kwa nini, hata ikiwepo, mara nyingi haisaidii kitu?

Dirisha na chumba cha nyuma

Tuanze na msingi. Simu ya mama yule si benki. Simu ni dirisha tu. Daftari lenye salio lake liko kwenye kompyuta kubwa iitwayo seva, ambayo kazi yake ni kungoja maombi kutoka kwa madirisha maelfu kwa maelfu, kuyashughulikia na kurudisha majibu. Seva hiyo yaweza kuwa mjini hapahapa, yaweza kuwa ng'ambo. Hadi mwaka 2015, kwa mfano, seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani, na ndipo zikahamishiwa Kenya. Mtu wa Nairobi aliyemtumia jirani yake fedha, ombi lake lilikwenda Ulaya na kurudi kabla ya simu ya jirani kulia.

Sasa, seva ni chombo, na kila chombo huharibika. Kipo kipooza hewa kinachogoma, kipo kipuri kinachoungua, ipo programu mpya yenye kasoro, na yupo fundi aliyechomoa waya siwo. Seva inayofanya kazi asilimia 99 ya mwaka unaweza kuisifu, lakini piga hesabu: ile asilimia moja iliyobaki ni zaidi ya siku tatu na nusu. Siku tatu na nusu bila malipo ya hospitali si jambo dogo.

Dawa yake inajulikana. Weka seva mbili. Kama kila moja hulala asilimia moja ya mwaka, na kama kila moja hulala kwa wakati wake, basi nafasi ya kuzikuta zote mbili zimelala ni moja katika 10,000, yaani dakika 53 hivi kwa mwaka mzima. Kutoka siku tatu na nusu hadi chini ya saa moja, kwa kununua mashine ya pili tu! Hesabu hii ndiyo inayowafanya wakubwa watie saini hundi. Lakini ndani yake kuna neno dogo "kama", na neno hilo ndilo linalowaangusha.

Mgawa foleni

Seva mbili au zaidi zikishakuwapo, lazima awepo wa kuzigawia kazi. Fikiri ukumbi wa benki wenye foleni moja ndefu na madirisha matano. Mwanzoni mwa foleni amesimama mfanyakazi anayesema: wewe nenda dirisha la kwanza, wewe la pili, wewe la tatu. Katika kompyuta kazi hiyo hufanywa na mashine au programu ya kugawa mzigo. Njia rahisi ni zamu kwa zamu. Njia nyingine ni kumpeleka mteja kwenye dirisha lenye watu wachache.

Njia hiyo ya pili inaonekana ya busara, lakini ina mtego wake. Tuseme karani wa dirisha la tatu amepoteza ufunguo wa kasha. Kila mteja anayefika anamwambia: "Haiwezekani, kwaheri." Hachukui hata nusu dakika. Matokeo yake ni kwamba foleni yake ndiyo fupi kuliko zote, na mgawa foleni, kwa nia njema kabisa, anazidi kumpelekea watu. Karani mmoja mbovu anaweza kuwarudisha nyumbani wateja wa ukumbi mzima, huku wenzake wanne wazima wakikaa bure. Hata seva ndivyo zilivyo. Seva iliyopotezana na daftari lake hujibu haraka sana, kwa sababu kusema "hapana" hakuna kazi.

Kwa hiyo mgawa mzigo lazima awapime afya wale anaowagawia, na asiridhike na swali la "upo?". Karani asiye na ufunguo naye atajibu "nipo". Swali liwe: hebu fungua kasha, nione.

Kisha kuna suala la uwezo. Tuseme una seva mbili, na kila moja siku ya kawaida inatumia asilimia 60 ya nguvu zake. Unalala usingizi ukijua unayo akiba. Siku moja ikafa moja. Mzigo wote unaiangukia iliyobaki: 60 na 60 ni 120, na hakuna mashine inayobeba asilimia 120. Nayo inaanguka. Hapo hukuwa na seva moja na akiba yake. Ulikuwa na seva mbili zinazohitajiana, na kufa kwa moja ni kufa kwa zote. Ukitaka kubaki na mbili, kila moja isipite asilimia 50 hata saa ya pilikapilika kubwa, kwa mfano mwisho wa mwezi mishahara inapotoka. Au ununue ya tatu: mzigo wa 60 mara tatu, ikifa moja, zilizobaki zinabeba 90 kila moja. Zitahema, lakini zitafika.

Tena usisahau kwamba mgawa foleni mwenyewe naye anaweza kuzimia. Kama yuko mmoja tu, makarani wote watano watabaki wakitazamana na ukumbi mtupu. Naye anahitaji mwenzake.

Manahodha wawili

Mpaka hapa tumesema habari za makarani. Tuje sasa kwenye jambo gumu zaidi, nalo ni daftari. Makarani wanaweza kuwa kumi, lakini salio la mama yule lazima liwe moja. Kwa sababu hiyo, katika mitambo mingi seva moja huwa ndiyo kuu yenye haki ya kuandika, na nyingine hunakili nyuma yake kila kinachoandikwa, ikingoja. Kuu ikifa, ya akiba inapandishwa cheo.

Lakini ya akiba itajuaje kwamba kuu imekufa? Kwa kawaida kuu hutuma ishara fupi kila baada ya sekunde kadhaa, kama mapigo ya moyo: nipo, nipo, nipo. Mapigo yakikoma, ya akiba inashika usukani. Hapa ndipo penye tatizo. Kimya si kifo. Huenda kuu ni mzima kabisa na anaendelea kuandika, ila waya ulio kati yao umekatika. Ya akiba nayo, ikidhani mwenzake amefariki, inaanza kuandika. Sasa kuna madaftari mawili yanayojiita kuu, na kila moja lina maandishi ambayo lingine halina. Wahenga walikwisha kusema, manahodha wengi chombo huenda mrama.

Hili limetokea kwa wakubwa. GitHub ni kampuni ya Marekani inayotunza kazi za watengenezaji programu wa dunia nzima. Tarehe 21 Oktoba 2018 mafundi wake walikuwa wakibadilisha kifaa kibovu cha mawasiliano kwenye pwani ya mashariki ya Marekani. Mawasiliano ya kituo kikuu yakakatika kwa sekunde 43. Sekunde 43 tu, msikilizaji! Lakini mtambo wa kuhamisha kazi uliona kimya, ukapandisha cheo seva za pwani ya magharibi, na maandishi mapya yakaanza kuingia huko. Mawasiliano yaliporudi, ikagundulika kwamba upande wa mashariki ulikuwa na maandishi ya sekunde chache ambayo hayakuwahi kunakiliwa magharibi. Kwenye daftari moja lenye kazi nyingi yalikuwa maandishi 954. Kampuni iliamua kwamba ni afadhali wateja wakasirike kuliko kupoteza kumbukumbu zao, ikapunguza huduma na kurekebisha pole pole. Kazi hiyo ilichukua saa 24 na dakika 11. Mtambo uliowekwa kuokoa ndio ulioigeuza dakika isiyotimia kuwa siku nzima.

Lipo somo la kujifunza hapo. Kwanza, mtu mmoja asiruhusiwe kutangaza kifo cha mwenzake. Mambo haya huamuliwa kwa akidi, kama kwenye mkutano wa ushirika: wawepo mashahidi watatu au watano waliokaa mahali mbalimbali, na bila wengi kukubaliana hakuna uchaguzi. Atakayejikuta peke yake upande wa pili wa waya uliokatika, hata kama ndiye aliyekuwa kuu, aache kuandika mara moja. Pili, akidi peke yake haitoshi. Mashahidi wa GitHub walikuwapo na walipiga kura sawasawa. Kilichokosekana ni hakika kwamba aliyechaguliwa ana daftari kamili.

Hapo mwenye mtambo lazima achague. Anaweza kusema: sitamjibu mteja "tayari" mpaka ombi lake limeandikwa kwenye madaftari yote mawili. Huo ni usalama, lakini ni wa taratibu. Au anaweza kusema: nitajibu kwanza, nitanakili baadaye. Hiyo ni haraka, lakini siku kuu ikifa ghafla, sekunde za mwisho zinazikwa nayo. Kwa salamu na picha za harusi, njia ya pili haina ubaya. Kwa shilingi 80,000 za vipimo, mimi ningengoja.

Nirudie au nisirudie?

Sasa turudi kibandani kwa yule mama. Hata kama seva ya pili imeshika kazi barabara, upande wa dirisha nao una wajibu wake, na mara nyingi ndio unaosahauliwa.

Ombi la mama likikosa jibu, kuna mambo matatu yanayowezekana. Huenda ombi halikufika kabisa. Huenda lilifika, seva ikafa kabla ya kulitekeleza. Au huenda lilifika, fedha zikatoka, ila jibu ndilo lililopotea njiani. Akiwa ameshika simu yake, mama hawezi kuyatofautisha hayo matatu. Ndiyo maana swali lake lilikuwa la haki na kijana hakuwa na jibu.

Jibu lipo, nalo ni la zamani kama stakabadhi. Kila ombi lipewe namba yake ya pekee kabla halijaondoka kwenye simu. Likirudiwa, liende na namba ileile. Seva ikiliona mara ya pili haikati fedha tena. Inasema: namba hii nimekwisha kuihudumia, na jibu lake hili hapa. Mama anaweza kubonyeza mara kumi, fedha zitatoka mara moja. Sharti ni kwamba orodha ya namba hizo nayo inakiliwe kwenye seva ya akiba, la sivyo ya akiba itazipokea zote kama ngeni.

Hali kadhalika na utambulisho. Ukishaingiza namba ya siri, seva iliyokuhudumia inakujua. Ikifa, mwenzake hakujui, anakuuliza upya wewe ni nani, na kazi uliyofika nusu inapotea. Ni kama zahanati ambayo historia ya mgonjwa iko kichwani mwa nesi badala ya kuwa kwenye kadi: nesi akienda likizo, mgonjwa anaanza upya. Kumbukumbu za mteja zikae mahali ambapo seva zote zinaweza kuzisoma.

Jambo la tatu ni adabu ya kurudia. Seva ikizimika kwa dakika moja, simu laki moja zinabaki na maombi mkononi. Zote zikijaribu tena kila sekunde, seva inapoinuka tu inakutana na umati mlangoni na kuangushwa tena. Nani hajaona daladala moja ikiingia kituoni saa kumi na mbili jioni? Programu yenye adabu hungoja sekunde moja, ikikosa ingoje mbili, kisha nne, kisha nane. Na juu ya hapo huongeza muda kidogo wa kubahatisha, tofauti kwa kila simu, ili zisirudi zote kwa mpigo. Tena iwe na kikomo. Ikifika hapo imweleze mwenye simu ukweli kwa lugha anayoielewa: "Ombi lako limepokelewa, bado halijathibitishwa, usirudie," au "Ombi lako halikufika, fedha zako zipo." Ujumbe wa "jaribu tena baadaye" haumwambii mtu lolote kati ya hayo.

Mbili ambazo ni moja

Nilisema neno "kama" ndilo linalowaangusha watu. Hesabu yetu ya dakika 53 ilisimama juu ya sharti kwamba seva mbili hazifi pamoja. Je, ni kweli hazifi pamoja?

Tukumbuke Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo intaneti ilidorora hapa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji. Mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Ni mikongo miwili, yenye majina mawili na wamiliki mbalimbali, lakini hapo ilipita jirani, na ikakatika siku moja. Njia ya kaskazini nayo ilikuwa na jeraha: tangu mwishoni mwa Februari mwaka huohuo, mikongo kadhaa ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwamo. Na tarehe 14 Machi mikongo minne ilikatika mbele ya pwani ya Côte d'Ivoire, huko Afrika Magharibi. Waliopona Mei ni wale waliokuwa wamenunua nafasi kwenye mkongo unaopita njia nyingine kabisa.

Kwa hiyo usihesabu mashine. Hesabu kinachoweza kuziua zote. Seva mbili kwenye chumba kimoja zina umeme mmoja. Seva kwenye majengo mawili yaliyofungwa jenereta mbili, lakini dizeli inaletwa na gari moja, zina gari moja. Na seva mia moja kwenye mabara matano, zikipokea amri moja yenye makosa, ni seva moja.

Hilo la mwisho liliwapata Facebook tarehe 4 Oktoba 2021, siku ambayo hata WhatsApp zetu zilizimika kwa saa sita hivi. Katika matengenezo ya kawaida, amri moja ilikata njia zote zinazounganisha vituo vyao vya data, na programu iliyowekwa kuzuia amri za aina hiyo ikawa na kasoro, haikuizuia. Kisha seva zinazotunza anwani, ambazo ni kama kitabu cha simu cha mtandao, zilipoona haziwezi kuvifikia vituo vya data, zikafanya kama zilivyofundishwa: kila moja ikajihesabu kuwa mgonjwa na kujiondoa barabarani. Kanuni hiyo ni nzuri kabisa kwa seva moja inayougua. Lakini siku zote zilipojiona wagonjwa kwa pamoja, hakuna iliyobaki. Mafundi iliwabidi waende vituoni kwa miguu yao, na milango yenye ulinzi mkali ikawachelewesha. Hata waliporudisha mawasiliano hawakuthubutu kufungua kila kitu kwa mpigo, maana umati wa dunia nzima ulikuwa mlangoni.

Jenereta ya Jumatatu

Niseme sasa jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu. Miaka mingi iliyopita nilifanya kazi kwenye kituo kimoja cha redio, jina lake tuliache. Tulikuwa na jenereta ya akiba kwenye mtambo wa kurushia matangazo. Kila Jumatatu katika kikao cha asubuhi fundi aliulizwa, "Jenereta vipi?" naye akajibu, "Iko tayari." Ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Usiku mmoja umeme ukakatika katikati ya taarifa ya habari. Jenereta haikuwaka. Betri ya kuiwashia ilikuwa imekufa, hakuna ajuaye tangu lini. Tangu fundi alipoanza kusema iko tayari, hakuna aliyewahi kuzima umeme ili aone. Mimi nilikuwa studioni, nasoma habari zisizosikiwa na mtu.

Basi kampuni ya GitLab, inayofanya kazi kama ya GitHub, iliingia katika shimo hilohilo. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 fundi mmoja aliyechoka, akihangaika kutengeneza seva ya akiba, alitoa amri ya kufuta kwenye seva kuu badala ya ile ya akiba. Alipogundua na kusimamisha, kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Wakakimbilia nakala za akiba. Nakala zilizodhaniwa hufanyika kila siku hazikuwa zikifanyika, kwa sababu programu ya kunakili haikulingana na toleo la daftari lenyewe. Barua za kutoa taarifa ya kasoro hiyo nazo zilikuwa zikikataliwa njiani, hazikumfikia mtu. Kilichowaokoa ni nakala moja ambayo fundi huyohuyo aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa kazi nyingine. Kumbukumbu za saa hizo sita za mwisho zilipotea. Wala kampuni haikumtupia lawama fundi. Ilieleza kisa chote hadharani, na ikakiri kwamba tatizo lilikuwa utaratibu usiojaribiwa.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Netflix, kampuni ya Marekani ya kuonyesha filamu, ilitengeneza programu ya kuzima seva zake yenyewe kwa kubahatisha, mchana wa siku za kazi, wafanyakazi wakiwa mezani. Waliipa jina la Chaos Monkey, na mwaka 2012 wakaitoa bure kwa yeyote anayeitaka. Ukisikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni wazimu. La hasha! Seva itakufa tu, utake usitake. Ikifa saa nne asubuhi mafundi wote wakiwa macho, ni zoezi. Ikifa saa tisa usiku wa mkesha wa Idi, ni msiba.

Na zoezi liwe la kweli. Kuwasha jenereta bila kuifunga mzigo hakuonyeshi kama itabeba mtambo. Vivyo hivyo, seva ya akiba ipewe wateja halisi kwa saa moja au mbili, kisha kazi irudishwe kwa kuu. Kurudi nako ni safari, na wengi hujaribu kwenda tu.

Tuulize nini?

Ndugu msikilizaji, wengi wetu hatutagusa seva maishani. Lakini sisi ndio wateja, sisi ndio wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, na baadhi yetu tunakaa kwenye bodi za shule na hospitali zinazonunua mitambo hii. Muuzaji akija na kusema "tunayo seva ya akiba", msimpigie makofi kwanza. Mwulizeni: Ile kuu ikifa saa ya pilikapilika, hii inabeba mzigo wote? Zinatumia umeme mmoja, njia moja, amri moja? Nani anayethibitisha kwamba kuu imekufa kweli? Mteja aliyekuwa katikati ya malipo atapata jibu gani? Na mara ya mwisho mlizima ile kuu kwa makusudi ilikuwa tarehe ngapi? Hilo la mwisho likijibiwa kwa kukuna kichwa, mmekwisha kupata jibu la maswali yote.

Yule mama wa Manzese hakurudia. Alikaa kwenye kigoda cha wakala, simu mapajani, dakika ishirini na kitu. Halafu ujumbe ukaingia: fedha zimekwenda, mara moja. Kumbe zilikuwa zimekwenda tangu mwanzo, jibu ndilo lililopotea. Alishukuru Mungu, akamshukuru kijana, akaondoka zake.

Nilimtazama akivuka barabara, nikawaza kwamba subira yake ndiyo iliyofanya kazi ambayo mtambo ulipaswa kuifanya. Lakini hospitali haziwapi wagonjwa dakika ishirini kila mara. Wenye mitambo wasijenge juu ya subira ya akina mama.